Wagonjwa Thelathini wa Kwanza

Avelina Zenon alikuwa bado kwenye kitanda cha chumba cha sindano, amefunikwa kanga hadi kidevuni, midomo imevimba. Alikuja zahanati kwa miguu yake kutibiwa kidonda. Alikufa dakika kumi baada ya kuchomwa.

Uchunguzi wa maiti ulisema penisilini. Mwili wake haukuivumilia.

Inspekta Justa Kasmir akamweka mahabusu muuguzi aliyemchoma, Rosina. Rosina alidai alimtafuta marehemu kwenye kompyuta, na mahali pa mzio paliandikwa "hakuna", basi hakumuuliza wala kumtajia dawa. Lakini Inspekta alipofungua mfumo siku iliyofuata, jina la Avelina halikuwemo kabisa.

"Unanidanganya, dada?"

"Nilisoma kwa macho yangu, afande."

Mara tatu kwa siku mtoto mchanga wa Rosina aliletwa na bibi yake kaunta ya polisi, anyonye. Siku ya pili maziwa yalianza kukatika. Mtoto alivuta, akaachia, akalia. Inspekta akatazama pembeni.

Akarudi zahanati. Epifania wa mapokezi alimwonesha orodha yote. Inspekta hakuwa mtu wa kompyuta, ila kuhesabu alijua.

"Mgonjwa wenu wa kwanza ana namba thelathini na moja. Wale thelathini wako wapi?"

Epifania alisema hajui. Namba hutolewa na mfumo wenyewe, na ikishatoka hairudi hata mtu akifutwa. Kisha, polepole, akatoa jingine. Alipokuwa akihamishia makadi ya zamani kwenye kompyuta, kadi ya Avelina ilikataliwa. Mfumo ukasema mtu huyo yumo tayari. Akaona afadhali, kazi imepungua. Akairudisha kadi kwenye droo.

Ilikuwa bado pale. Kwa wino mwekundu: ASICHOMWE PENISILINI.

"Nani alitengeneza mfumo huu?"

"Kelvin. Yuko msibani Mollo, afande. Marehemu ni dada yake."

Mfumo ulijitunzia nakala kila jioni. Fundi wa polisi akafungua nakala ya siku ya kifo. Thelathini walikuwemo, wote wameingizwa dakika moja, siku mbili kabla zahanati haijaanza kuutumia. Wote mzio "hakuna". Wa kwanza Avelina. Wa pili mama yake, Cornelia. Koplo Amos, mzaliwa wa Mollo, aliwatambua waliobaki: jumuiya yao ya sala, nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio ule ule majina yanavyoitwa kwenye sala ya Alhamisi. Hata mzee Teodori waliyemzika mwaka jana alikuwemo, naye hana mzio.

Kelvin walimkuta nyuma ya nyumba, upepo wa baridi ukimpiga. Hakukimbia.

"Uliwafuta lini?"

"Kesho yake asubuhi, baada ya kifo. Kabla hatujaenda kuchukua mwili."

"Na uliwaingiza kwa nini?"

Alieleza akitazama chini. Siku ya kuunganisha programu na hifadhidata alitaka kuona kama vinaelewana. Hifadhidata ilikuwa tupu, na skrini tupu haimwoneshi daktari kitu. Alihitaji watu wa kuanzia. Yeye ndiye katibu wa jumuiya, daftari la majina lilikuwa mkobani. Kisanduku cha mzio hakikukubali kubaki wazi, akajaza neno moja kwa wote. Angewafuta siku ya kukabidhi. Akasahau.

"Mbona ulianza na dada yako?"

"Yeye ndiye alinisukuma nisome. Nilitaka jina lake litokee kabla ya mengine. Nikamwita aone. Alicheka, afande. Akasema, kumbe na mimi nimo."

"Ulijua kwamba sindano ile haimfai?"

"Tangu nipo darasa la pili. Nyumbani tunajua wote."

"Na Rosina? Ana mtoto mchanga."

"Kila siku nilisema kesho. Mama kabaki na mimi tu. Ningemwambiaje?"

Inspekta akapiga simu kituoni Rosina aachiwe. Hakusikia nafuu yoyote.

Mlango ukafunguliwa. Cornelia alitoka na kikombe cha uji wa ulezi. Mwanawe hakuwa amekula tangu mazishi. Inspekta akamwamkia shikamoo. Mama akaitikia, kisha akauliza kwa upole kama wamempata aliyemuua binti yake.

Kelvin akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Ni mimi, mama."

Cornelia akamfunga vizuri kifungo cha koti.

"Kunywa kwanza, baba," alisema. "Utapoa."