Kasuku wa Gizani

Wajukuu zangu, haya yalimpata binti wa jirani yetu, yule anayelinda kompyuta za ofisini zisiingiliwe na wezi. Siri zilikuwa zinavuja, na bosi alishamwambia, "Mwizi asipopatikana, kazi huna."

Basi akakipa kisanduku chake cha ulinzi maagizo mapya: mtu akiingia kwenye kompyuta kwa wizi, kiandike ametokea meza gani, kisha kitamke. Sauti alirekodi yake mwenyewe, "Mgeni, meza ya kwanza," mpaka meza ya mwisho, basi, hakuna neno jingine. Shoga yake wa kazini, wanaokula sahani moja, akacheka mpaka machozi. "Mwenzangu, umezaa kasuku!"

Siku moja umeme ukakatika. Chumba chao hakina dirisha. Kilichobaki na betri ni kile kisanduku, na kompyuta ndogo ya shoga inayomulika kule pembeni.

Kisanduku kikasema, "Mgeni, meza ya tatu."

Meza ya tatu ni ya shoga.

"Shoga, ni wewe?"

Kompyuta ikafungwa pa! Giza totoro. Kiti kikalia nyii. "Nisamehe, mwenzangu. Nilidhani kasuku wako kazimika na umeme. Muda wote nimeingia kwa jina lako. Bosi anaamini ni wewe."

Akasikia waya zinang'olewa, viatu vinaondoka ko, ko, ko, na ufunguo unageuka mlangoni kwa nje. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akapapasa mezani huku analia. Kisanduku hakipo, kimeondoka na shoga.

Ndipo sauti yake mwenyewe ikanong'ona, karibu kabisa na sikio:

"Mgeni, nyuma yako."