Chai Mbele ya Mama Mkwe

"Kijana, mbona hunywi?"

Sila alikishika kikombe, akakiinua kidogo, akakirudisha kwenye kisosi. Jasho lilimtoka puani, na hapo feni zote za Hoteli ya Matao zilikuwa zinazunguka.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba?" Mama Yasinta aliweka kijiko chini. "Umekula wapi saa hizi za chai?"

"Nyumbani, mama."

Alijibu huku anaangalia vigae vya sakafu. Tangu wafike hakumtazama mama usoni hata mara moja, na kiti chake alikisogeza pembeni mpaka kikagusa chungu cha maua. Jamani, mtu anayekuja kujitambulisha kwa mkwe huwa hivyo?

Katikati yao alikaa Yasinta, anakunywa chai bila kuisikia ladha, anakata keki vipande vidogo bila kula. Aliliona birika la fedha, aliziona sahani za ghorofa tatu zenye sambusa juu na jemu ya zabibu za hapahapa Dodoma chini. Alimwona mchumba wake anavyotota jasho na mama yake anavyovimba. Lakini kuona ni kitu kimoja na kuhisi ni kingine, na Yasinta alikuwa hahisi kitu. Tangu wamzike baba yake mwaka jana, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Na hoteli yenyewe si ya mchezo. Ilijengwa enzi za Mjerumani, kuta nene, baraza lenye matao marefu, na stesheni ya zamani iko jirani tu. Marehemu alikuwa fundi wa reli. Treni yake ikisimama Dodoma alikuwa anaitazama hoteli kwa mbali, akirudi Morogoro anamwambia mkewe, "Ipo siku nitakunywesha chai pale." Siku yenyewe haikufika. Ndiyo maana mama alipopanda treni ya umeme kuja kumwona mkwe, alisema chai itanywewa hapo na si kwingine. Ile ilikuwa chai ya mumewe.

"Baba yake Yasinta alipokuja kwetu Muheza mara ya kwanza," mama alisema, "alikula sahani mbili za wali, akaomba ya tatu. Mama yangu akasema, huyu ni mtoto wangu. Wewe kikombe kimoja kinakushinda. Unadhani nimekitia nini?"

"Hapana, mama. Siyo hivyo."

"Ni vipi basi?"

Sila alikisogeza kisosi mbali kidogo.

"Nimekuuliza, ni vipi?"

Mhudumu aliyekuwa anakuja na maziwa aliona hali ya hewa, akageuza.

"Wazee wako wa Mvumi wanakuja Jumamosi, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Waambie wasijisumbue. Binti yangu hatakwenda kwa mtu anayenidharau hivihivi namwona."

Sila alisimama. Alikunja mikono, akainamisha kichwa kwa mama, kisha akamgeukia Yasinta. Akasubiri. Alikuwa anataka neno moja tu, hata "ngoja" ingemtosha.

"Yasinta?"

"Sawa," alisema Yasinta.

Sila akaondoka. Chai yake ilibaki mezani mpaka ikafanya utando juu.

Jioni ile ile simu ya Yasinta ilitoa mlio wa ujumbe.

*Kama neno lako ni sawa, na mimi nasema sawa. Nakutakia heri, Yasinta.*

Yasinta aliusoma ujumbe, akaandika: *Sawa.*

Msichana wa watu! Shetani mwenyewe angeshika kichwa.

Kesho yake alikwenda kazini Mtumba kama kawaida. Mchana, kwenye wali maharage, Penina wa meza ya pili alimtazama kidole.

"Shoga, pete iko wapi?"

"Kwenye pochi. Tumeachana jana."

"Unasema nini wewe!"

Yasinta alimsimulia yote kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Penina, Mgogo mzaliwa wa Buigiri, alianza kwa kusikitika, akaingia kucheka, kisha akaacha kula kabisa.

"Ngoja kwanza. Sila si Mgogo wa Mvumi?"

"Ndiyo."

"Amelelewa na nani?"

"Bibi yake."

"Yesu wangu! Kijana aliyelelewa na bibi, mkamkalisha uso kwa uso na mkwe, halafu mkampa kikombe?"

"Kwani kuna nini?"

"Kwetu mwanaume hali mbele ya mama mkwe. Hanywi hata maji. Hamkazii macho. Baba yangu akimwona bibi mzaa mama njiani, alikuwa anachepuka kabisa, anapita kwenye miiba. Siku hizi wengi wameacha, kaka zangu wanagombania pilau na wakwe zao. Lakini mtoto wa bibi, shoga, hata akisoma mpaka Ulaya, mdomo unagoma."

"Angesema tu."

"Amwambie nani? Mkwe mwenyewe? Hapo ndiyo angeharibu zaidi. Mwenzio alikuwa anamheshimu mama yako mpaka jasho linamtoka, nyie mnaona dharau!"

Yasinta aliacha kijiko, akatoka nje, akapiga simu. Sila alikuwa kwenye viwanja, kazi yake ni kupima ardhi, na upepo wa Dodoma ulikuwa unavuma kwenye simu.

"Halo."

"Kwa nini hukuniambia mambo ya mkwe na chai?"

"Nani kakwambia?"

"Penina. Jibu."

"Nilidhani nitaweza. Nilifanya mpaka mazoezi, Yasinta. Naweka picha ya mama yako kwenye simu hapo mezani, najimiminia chai, nakunywa. Kwa picha nilifaulu."

Siku nyingine Yasinta angecheka.

"Ungeniambia mimi."

"Ungesema sawa."

"Nini?"

"Nilikuvisha pete, ukasema sawa. Nikakuuliza unataka harusi ya namna gani, sawa. Mama yako ananifukuza, sawa. Najua unaumwa na msiba, na ningekusubiri hata miaka. Ila jana nilisimama pale natafuta mtu mmoja wa kunizuia. Mimi siwezi kuoa *sawa*, Yasinta. Nataka kuoa mtu anayenitaka."

Yasinta alihisi kitu. Kilikuwa kinauma. Aliogopa. Alikuwa amesahau kwamba kuna maumivu ya namna hiyo, ya kuogopa kupoteza mtu ambaye bado yuko hai.

"Wazee umeshawaambia wasije?"

"Bado. Nilikuwa nimpigie baba mdogo jioni."

"Usipige."

"Yasinta..."

"Nimesema usipige!"

Yasinta alifika nyumbani kwake Nzuguni akamkuta mama anakunja nguo kwenye begi.

"Umewahi leo," mama alisema. "Mimi kesho narudi zangu Morogoro. Chakula kiko jikoni."

"Mama, Sila hakukudharau."

Akamweleza kila alichoambiwa na Penina. Mama alisikiliza huku anakunja khanga ile ile mara ya pili na ya tatu.

"Mila za porini hizo," alisema. "Mtu amesoma, ana gari la serikali, anaogopa chai! Na mimi? Mimi sina mila? Kwetu mgeni akikataa chakula chako amekutukana. Ile ilikuwa chai ya baba yako, Yasinta. Nilimngojea miaka yote anipeleke, nikaishia kwenda na kijana anayetazama sakafu."

"Alikuwa anatazama sakafu kwa ajili yako."

"Basi yaishe. Utapata mwingine."

Hapa ndipo Yasinta alizoea kusema sawa. Lilimjia mdomoni lenyewe, na safari hii akalimeza.

"Simtaki mwingine."

"Utamzoea."

"Mama, nimesema simtaki mwingine! Namtaka Sila! Namtaka yeye, na jasho lake, na bibi yake, na mila zake! Ukirudi Morogoro rudi, lakini mimi namtaka!"

Alipiga kelele mpaka jirani akapunguza redio. Kisha akashtuka mwenyewe, maana kwao mtoto hampandishii mama sauti. Alingoja kofi.

Mama aliiweka khanga juu ya begi.

"Rudia."

"Nisamehe, mama."

"Sitaki msamaha. Rudia ulichosema."

"Namtaka."

Mama alikaa kitandani taratibu.

"Tangu tumzike baba yako, sijakusikia ukitaka kitu," alisema. "Hata chumvi. Juzi nimepika mboga nikasahau kuitia chumvi, ukala mpaka ukamaliza, ukasema asante. Nilikwenda jikoni nikalia. Nilisema, nimemzika mume na mtoto siku moja."

Mama alifuta macho kwa pindo la khanga, akatoa nguo kwenye begi moja moja, akazirudisha kabatini.

"Mpigie," alisema. "Kesho, chai, palepale. Na usimwambie nitafanya nini, maana mwenyewe sijui kama nitaweza."

Kesho yake Sila alifika Hoteli ya Matao na shati la mikono mirefu, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

Sila akakaa pembeni, karibu na chungu chake cha maua. Birika likaja, na sahani za ghorofa tatu, na jemu. Yasinta alimimina vikombe vitatu. Sila alikitazama kikombe chake.

Mama akasimama. Alikishika kiti chake, akakiburuta kwenye vigae mpaka watu wa meza nyingine wakageuka, akakigeuzia bustani. Akakaa, mgongo kwao, akajitanda khanga kichwani mpaka mashavuni.

"Mimi naangalia maua," alisema. "Wenye chai wanywe."

Sila aliutazama ule mgongo, akamtazama Yasinta kwa macho yaliyojaa machozi.

"Kunywa," Yasinta alimnong'oneza. "Tafadhali. Nakutaka."

Alikiinua kikombe. Mkono ulisita mdomoni, ukasita, kisha akanywa. Alikunywa kwa sauti kabisa, kama watu wanavyokunywa chai ya moto kwao, mpaka akakimaliza kikombe chote.

"Amekunywa?" iliuliza sauti chini ya khanga.

"Amekunywa, mama."

"Chote?"

"Chote."

Sila aliinama kwa Yasinta, akasema kwa sauti ndogo lakini ya kusikika mpaka kule kwenye maua, "Mwambie mama naomba nyingine."

Mabega ya mama yalianza kutikisika. Kama ni kicheko au kilio, hawakuona, alikuwa amewapa mgongo.

"Mmiminie," alisema alipoweza. "Mpaka cha tatu. Na wazee wake Jumamosi waje, nitawapikia mwenyewe."

Yasinta alimimina. Machozi yalikuwa yanamtiririka tangu muda ule na hakuyajua mpaka yalipofika kidevuni. Alikichukua kikombe chake, akapiga funda, akakunja uso.

"Mama, hii chai tangawizi imezidi."

"Imezidi tangu juzi," alisema mama, bila kugeuka. "Nilikuwa nakungojea wewe."