Kilo Sabini Zilizozidi

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Munyao, fundi wa kuchomelea vyuma pale Shauri Moyo, ambaye kwa miaka minne amekuwa akijiundia ndege ndani ya banda lake la mabati. Injini ya kwanza, ya pikipiki, ilishindwa hata kuisogeza, basi akaenda soko la Gikomba kutafuta nyingine.

Muuzaji alikuwa na mbili. Munyao akaipenda ile nyepesi.

"Hii ilitoka wapi?"

"Ndugu yangu, chukua hiyo nyingine. Nitakupunguzia."

Munyao hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Akaibeba ile ile.

Jumamosi mchana, injini ikiwa imeshafungwa, ilibaki kupima uzito wa ndege. Aliweka kila gurudumu juu ya mizani ya kupimia marobota ya mitumba, kisha akafunga mlango ili upepo usiinue mabawa. Banda likawa giza totoro. Mkewe, Muthoki, akachutama na kumulika mizani kwa simu.

"Baba Nzivo, hebu shuka kwanza. Umeongeza kilo sabini."

"Sijapanda," Munyao akajibu kutoka mlangoni.

Kiti cha rubani kikalia polepole, kama kinavyolia mtu anapoinuka, na mbele ya macho ya Muthoki mishale ya mizani ikarudi nyuma, kilo zote sabini.

Kisha mabati yaliyotandazwa sakafuni yakaanza kubonyea, moja baada ya jingine, kuelekea mlangoni.