Kitanda Kilichomeza Sauti

Mpaka leo Louise hajui sauti ya mdogo wake ilikwenda wapi adhuhuri ile. Ameuliza wauguzi, ameuliza padri, amejiuliza mwenyewe akipalilia muhogo.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mdogo wake huyo, Sonia, alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, katika kituo cha afya kando ya barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare, na Louise alikuwa akimuuguza. Wodi ilikuwa kimya. Zamani haikuwa hivyo: kulikuwa na redio, masufuria, waimbaji waliokuja kuombea wagonjwa, na vilio vya msiba vilivyogonga mabati. Marie-Thérèse, muuguzi mkuu, alivikomesha vyote. Wagonjwa wakaanza kulala, na waliolala wakapona. Nani angemlaumu?

"Yaya Louise," Sonia alinong'ona, kama wadogo wanavyowaita dada zao huku, "hapa ata kukohoa ni kuomba ruhusa."

"Nyamaza. Utacheka, nyuzi zikatike."

Kitanda cha Sonia kilikuwa kile cha ukutani. Wiki iliyotangulia, Naomie, binti kutoka kijiji cha Wamaza, alifia hapohapo. Mama yake alipofungua kinywa aanze kumlilia, Marie-Thérèse alimwekea kiganja mdomoni, taratibu, kwa huruma kabisa.

"Mama, wagonjwa wanalala. Utalia kule inje."

Yule mama alitoka na maiti ya bintiye. Huko nje pia hakulia.

Adhuhuri Louise aligeuka kukamua kitambaa katika beseni. Alipomtazama tena mdogo wake, kinywa cha Sonia kilikuwa wazi. Mishipa ya shingo imesimama. Alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote.

Louise hakusikia kitu.

Shuka ilikuwa imeloa damu. Louise naye akapiga yowe, na hakujisikia. Alikimbilia mlangoni, na hapo ndipo yowe lake lilipotoka, kuanzia katikati, kama mtu aliyeibuka majini.

Marie-Thérèse alikuja mbio, akaizuia damu. Alasiri sauti ya Sonia ilirudi kidogo.

"Nilikuita, Yaya. Kuko mutu aliniwekea mukono kinywani. Mukono wa baridi."

Marie-Thérèse alikificha kiganja chake mfukoni.

Wakakisukuma kitanda mpaka mlangoni. Sonia akafungua tena kinywa, na sauti haikutoka. Ukimya ulikuwa umekuja naye. Beseni lilianguka sakafuni karibu yake, likavingirika, bila mlio. Wakakirudisha kitanda ukutani.

"Damu ikitoka tena," Louise aliuliza akiwa nje ya mlango, "tutajua namna gani?"

Muuguzi alikitoa kiganja chake mfukoni, akakitazama. Kisha akasema, "Mama ya Naomie aje. Aje amulilie mutoto wake humu ndani."

Louise alikesha ameshika mkono wa mdogo wake, maana macho na vidole ndivyo vilivyobaki. Kulipokucha, Abedi, dereva wa pikipiki, alitumwa Wamaza. Alirudi peke yake, akakataa kuvuka kizingiti.

"Mama anasema yeye alikatazwa," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye alimukataza, huyo ndiye alie."

Ikaamuliwa hivyo, na aliyeitimiza hukumu ni Marie-Thérèse mwenyewe. Alivua koti lake jeupe. Alijifunga kitenge kiunoni, akaketi sakafuni kando ya kitanda kama wafiwa wanavyoketi, akafungua kinywa.

Machozi yalimshuka. Mabega yalitikisika. Kimya.

Midomo yake ikaunda jina la Naomie. Hakuna aliyelisikia. Lakini wagonjwa wote, hata waliokuwa usingizini, waligeuza vichwa kwa pamoja kuutazama mlango uliokuwa mtupu.

Ndipo kilio kikasikika. Kiliyapiga mabati, kikatoka hadi barabarani. Kitoto cha Sonia kiliamka kikalia, na kikasikika.

"Yaya," Sonia alisema, waziwazi kabisa, "umwambie anyamaze sasa. Inatosha."

Louise aliinama, akamgusa muuguzi bega.

Marie-Thérèse alikuwa amekwisha kufunga kinywa.

Kilio kiliendelea, kikitoka mlangoni.