Mgeni wa Uljin Aliyemlilia Baba Yangu

"Baba! Baba yangu jamani!"

Nyie... aliyekuwa analia hivyo mbele ya picha ya marehemu baba yangu hakuwa kaka yangu. Ni mwanaume ambaye hapa msibani hakuna aliyemwalika!

Kapiga magoti mbele ya maua meupe, paji la uso sakafuni, mabega yanatikisika. Mtu mzima, miaka hamsini na kitu.

 Wazee wa jeshi waliokuwa wanakunywa supu ya nyama na pombe ya soju wakashusha vijiko.

Damu ikanichemka. Nikamvuta mkono.

"Wewe umetoka wapi?"

"Uljin, dada."

Uljin! Hilo jina la mji nilikuwa nalisubiri miaka thelathini na saba...

"Toka!"

"Dada, niache nimalize kusujudu tu..."

"Nimesema toka! Na mama yako aliyejibanza mlangoni uondoke naye!"

Maana alikuwepo. Kibibi kidogo, kimesimama penye viatu vya wageni, hakithubutu kuingia.

Yule mwanaume akafuta uso, akamwinamia mama yangu, akaondoka.

Mnaniona katili, eeh? Ngojeni kwanza.

Baba yangu, Sajini Pyo Man-sik, alikuwa mtu wa safari. Vietnam alipigana. Saudia akaendesha malori jangwani, Libya akajenga barabara. Uzeeni akampandisha mama ndege wakaenda kushangaa theluji ya Norway, kana kwamba kwetu Korea haianguki!

Na nyumbani alikuwa baba kweli. Viatu vyetu vya shule alivifunga kijeshi, mafundo mawili. Siku ya kutengeneza kimchi, achari yetu ya kabichi, alipanga kabichi mia moja kwa mistari, akazikagua kama makuruta, huku mama akimfokea, "Sajini, hizo ni mboga!"

Lakini kila kiangazi alichokuwa nchini, alipotea siku mbili. Peke yake. Akirudi haongei.

Nilipokuwa na miaka kumi na nane nikakuta tiketi ya basi mfukoni mwake. Uljin. Nikaanza kuandika tarehe.

Mwaka 1987, tarehe 9 Julai. Mwaka uliofuata, 27 Julai. Kisha 16 Julai. Kisha 4 Agosti.

Hazina mpangilio! Nikasema huyu mzee anachepuka. Anaenda hamu ikimshika!

Mwaka ule wa nne nikapanda basi la nyuma yake. Nikamwona anaingia kwenye geti. Mwanamke akampokea koti. Kijana akatoka mbio, "Baba, umefika!"

Sikumuuliza. Nilinuna. Siku ya harusi yangu nilishikwa mkono na mjomba, baba amekaa nyuma kama mgeni.

Wiki mbili zilizopita akanipigia kutoka hospitali.

"Yeon-suk, kuna jambo nataka nikwambie mwenyewe."

"Kawaambie watu wako wa Uljin!"

Nikakata. Jumanne akafariki.

Sasa turudi msibani. Mama akaniita pembeni.

"Umemfukuza?"

"Mama, usinifiche. Najua kila kitu."

"Unajua nini?"

Nikamtajia tarehe zote nne. Ziko kichwani hadi leo.

"Wewe mtoto, hizo umezisoma kwenye kalenda gani?"

"Kalenda ya kawaida!"

"Tambiko la mwaka la marehemu tunalifanya kwa kalenda ya kawaida?"

Mama akanionyesha mkoba wangu.

"Toa simu. Angalia kalenda ya mwezi mwandamo."

Nikaangalia. Tarehe 9 Julai 1987... mwezi wa sita, siku ya kumi na nne. Tarehe 27 Julai 1988... mwezi wa sita, siku ya kumi na nne. Ya tatu hivyo hivyo. Ya nne pia!

Ilikuwa siku moja, haijawahi kubadilika. Siku ya kumpikia mtu aliyekufa.

"Nani alikufa, mama?"

"Koplo Tak. Huko Vietnam. Zamu ya doria ilikuwa ya baba yako. Barua ikaingia siku hiyohiyo, Tak akamwambia, 'Kaa usome, leo naenda mimi.' Hakurudi. Mkewe alikuwa mjamzito."

"Barua gani hiyo?"



"Yangu. Nilimwandikia kwamba umezaliwa."

Jamani... kumbe ni mimi!

"Kwa nini hamkuniambia?!"

"Alinikataza. Alisema usikue umebeba kifo cha mtu. Yule kijana hakuwa na baba wala mjomba wa kumfundisha kumimina pombe ya tambiko, ndiyo akaenda yeye. Matunda ya kupeleka nilikuwa nafunga mimi, kila mwaka! Wewe ukaona geti, ukajijazia mengine."

Sikusikia zaidi. Nikatoka na soksi, mvua inanyesha, mpaka maegesho. Gari jeupe lilikuwa linarudi nyuma. Nikajitupa mbele yake!

Breki zikalia. Nikasujudu palepale kwenye lami.

Bibi akashuka, mwavuli umesahaulika.

"Inuka, utalowa. Wewe ndiye Yeon-suk?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe!"

Akanishika shavu.

"Picha zako ninazo tangu una meno mawili. Kila mwaka namwambia Sajini, niletee huyo msichana nimwone. Anasema, mwakani. Kila mwaka, mwakani!"

"Mume wako alikufa kwa sababu yangu..."

"Mume wangu alikuwa mbishi. Hata bila barua angeenda."

Nililia kilio ambacho Jumanne hakikutoka.

Tuliporudi mimi, bibi na mwanawe, kaka yangu Gil-ho alikuwa mlangoni na kitambaa cha mfiwa mkuu mkononi, kile chenye mistari miwili anachofungwa mtoto wa kiume mkubwa. Mama alikuwa ameshamweleza. Mhudumu wa ukumbi naye yupo, anataka kuongeza jina kwenye skrini ya wafiwa.

"Huyu bwana niandike ni nani wa marehemu?"



"Andika mgeni tu," yule mwanaume akasema. Jina lake ni Se-jun.

Gil-ho akamkazia macho. Huyu ndugu yangu hapendi kupitwa hata kwenye foleni, nikajua sasa yanaharibika!

"Umezaliwa mwaka gani?"

"Sitini na tisa. Mwezi wa kumi na mbili."

Gil-ho ni wa sabini na tatu. Akavuta pumzi, akafungua kile kitambaa, akamfunga Se-jun mkononi.

"Andika mwana," akamwambia mhudumu. "Na jina lake liwe juu ya langu."

Ndugu zangu mnaosoma, nilikuwa na tarehe nne na geti moja, nikamhukumu baba yangu miaka yote hiyo bila kumuuliza swali hata moja. Kama kuna mtu umemnunia, muulize leo, akiwa bado anaweza kukujibu. Mimi majibu yangu nilipewa na watu wengine, na yeye amelala chumba cha pili.