Kura za Jumapili ya Kuku

Kila nikitoka shuleni nilisimama kwenye uzio wa bwawa la kuogelea la mji wetu, Harlow Springs, nikachungulia ndani. Maji hayakuwamo. Kulikuwa na majani makavu na kiatu kimoja, ambacho rafiki yangu Terrell alidai ni cha mzimu aliyechoka kusubiri. Hapo ndipo Mama alipokuwa akifundisha watoto kuogelea. Bwawa lilipofungwa alipata kazi Savannah, mji wa mbali, nasi tukabaki na sauti yake ya simu. Hata filimbi yake niliitamani, ile iliyokuwa ikinitoboa masikio.

Jumanne moja watu walikuwa wakipiga kura: bwawa lifunguliwe au libaki hivyo? Mwalimu Gaskins alituambia mimi na Terrell tusimame nje ya kituo, tuwaulize wanaotoka wamechagua nini. Tuliwauliza watu sitini na wanne. Arobaini na mmoja walisema wamekataa.

Nilikimbia nyumbani nikampigia Mama. Jioni ile alitakiwa kusaini mkataba wa mwaka mwingine huko Savannah.

"Saini tu, Mama," nikasema. "Tumeshindwa."

Bibi Earline, mama yake Mama, alininyang'anya simu. "We Nyla, umemuuliza nani?"

"Kila aliyetoka mlangoni, Bibi."

"Mimi umeniona nikitoka?"

"Wewe si ulipiga mapema? Jumapili ile..."

"Na nani?"

Nikakumbuka. Kwetu watu huruhusiwa kupiga kura siku kadhaa kabla, na Jumapili hiyo baada ya ibada, basi la kanisa lilikuwa limewapeleka waumini wote kupiga zao. Nilikuwemo, nimepakata kuku wa kukaanga.

"Paja langu la kuku uliliona, ukalila. Kura yangu hukuiona!" Kisha akamwambia Mama, "Mwanangu, weka kalamu chini. Subiri wazihesabu zote."

Asubuhi matokeo yalitangazwa. Bwawa lilishinda kwa kura thelathini na nane. Basi letu peke yake lilibeba wapiga kura arobaini na watatu.

"Kwa hiyo wale wa Jumanne walitudanganya?" Terrell akauliza.

"Waliwaambia kweli," Bibi akajibu. "Kosa lenu ni kuwasemea ambao hamkuwauliza. Siku nyingine mkileta habari, semeni pia ni nani hamkumsikia."

Mwezi Juni maji yalirudi, na filimbi ikalia. "Nyla! Usikimbie kando ya bwawa!"

Nikakimbia tena, makusudi, ili Mama aipulize mara ya pili.