Chokaa Iliyomfukuza Mama Yangu

Nina miaka hamsini na minane, mjane wa mume aliye hai. Naishi peke yangu pembeni ya mji wa Bariadi, nauza mchicha. Ndugu wasomaji, msinicheke nikiwaambia kwamba maisha yangu yaliharibiwa na chokaa...

Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wa pamba walimiminika kwetu, na barabara zikaanza kutengenezwa ili malori yasikwame. Mume wangu, Masanja, alikuwa nyapara kwenye barabara hizo. Udongo wetu mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha unavimba. Kiangazi unapasuka hadi mguu unazama! Wao waliuchanganya na chokaa, wakaumwagia maji, wakaushindilia, ukatulia.

Tulipoanza kujenga nyumba ya tofali, Masanja aliutangazia ukoo wake kwamba kampuni imempa lori zima la chokaa kwa ajili ya msingi wetu. Lori lenyewe sikuliona. Msingi ulijazwa nikiwa wodini, nimetoka kujifungua.

Kiangazi cha kwanza kuta zikachanika. Tukaziba. Mvua zikaja, milango ikagoma kufungwa. Kiangazi kilichofuata ufa ukashuka kutoka dirishani hadi kwenye kitanda cha mwanangu!

Wazee wa ukoo wakakaa. Kila mtu Bariadi anajua mbuga inapasua nyumba, lakini yetu si ilitiwa chokaa? Kama si udongo, basi ni mkono wa mtu!

Macho yote yakamgeukia mama yangu. Alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, anaishi kwenye kibanda uani kwetu, na watu walishanong'ona kwamba mkwe hakai kwa mkwewe. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, maskini, nao wakayaita ya kichawi. Mganga alipoletwa, hakuhangaika hata kutafuta.

Nilimpigia magoti Masanja amtetee. Akatazama viatu vyake.

"Mimi nifanyeje, mke wangu? Chokaa niliweka."

Wakabomoa kibanda cha mama mchana kweupe. Majirani niliowapikia ugali kwenye misiba yao walisimama wanatazama! Mama akaondoka na kifurushi kichwani, akaenda kwa mjomba, kijiji cha Shishiyu. Mimi nikabaki, kwa sababu ya mtoto. Ningefanya nini?

Siku moja nilikwenda Lamadi kununua dagaa. Dereva mmoja wa lori la kampuni ya barabara akanichangamkia. Shemeji, akaniuliza, ile nyumba ya huku niliyoipelekea chokaa bado imara? Nikamwomba anionyeshe.

Ilikuwa imejengwa juu ya udongo uleule mweusi. Sakafu haikuwa na ufa hata mmoja... Mwanamke mjamzito akanikaribisha maji ya kunywa. Ukutani lilining'inia koti la Masanja, lile lenye kiraka nilichoshona mimi.

Sikupigana. Niliondoka moja kwa moja hadi Shishiyu kumchukua mama arudi nyumbani. Nilimkuta kwenye mkeka, kifua kimembana, amebaki mifupa. Nikamweleza yote huku nalia. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza jambo moja tu.

"Walionifukuza wamesikia?"

"Bado, mayu."

"Waambie, mwanangu."

Kabla ya jua kuzama alikuwa amekata roho. Niliporudi na kuwaambia, wazee wa ukoo walisema nina wivu wa mke mwenza. Hakuna aliyekuja kaburini!

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Nyumba ikipasuka, chimbeni chini ya sakafu kabla hamjamnyooshea kidole mama wa mtu. Mimi nilichimba nikiwa nimeshamzika. Ulikuwa udongo mweusi mtupu, chokaa hata ya kupaka kidole hakuna.

Mama aliniagiza niwaambie. Nimewaambia.